Mtaka Mbwa wa Ulinzi na Amtazame Mamake Kwanza

Kwa mtu wa pwani kusimama hadharani akazungumza habari za mbwa si jambo jepesi. Tumelelewa tukijua kwamba mnyama huyu ni najisi, na mtoto wa chuoni amtupiapo jiwe aghalabu hapana amkanyaye. Walakini zama zimebadilika. Wengi katika watoto wetu wamehamia bara kwa kazi na biashara. Wamenunua mashamba, wamejenga, wamefuga. Na huko bara shamba lisilo na mbwa ni kama nyumba isiyo na komeo. Basi suali lililokuwa la watu wengine leo limekuwa letu: Muislamu anayehitaji mbwa wa kulinda mali yake amchague vipi, amtake kwa nani, na akishampata ana wajibu gani juu yake?

Mimi suali hili limenipeleka hadi Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, kwa upande wa barabara iendayo Garissa. Mpwa wangu ana ekari mbili huko, kuku wa mayai, na mbuzi wa maziwa. Nchi yenyewe ni ya wazi na ya ukavu kiasi. Jua la mchana ni kali, na mlima wa Kilimambogo waonekana pale kama ngamia aliyelala. Usiku ukiingia ni kimya kitupu, na kimya hicho wezi wakipenda. Siku moja kijana huyu aliamka akakuta mbuzi wanne hawapo na kufuli la banda limekatwa. Majirani wakamwambia neno moja tu: "Wewe huna mbwa."

Akaenda akanunua mtoto wa mbwa kando ya barabara, katika boksi la karatasi, kwa mtu asiyemjua jina. Muuzaji alimhakikishia kuwa ni "jamani shepadi" halisi, yaani yule mbwa wa Kijerumani wa kuchungia, na kwamba ametimiza wiki nane na amechanjwa. Siku ya tatu mtoto yule aliacha kula. Siku ya nne akaanza kutapika na kuhara damu. Siku ya tano akafa. Daktari wa mifugo alimtazama meno akasema hakuzidi wiki tano, na kwamba ugonjwa uliomuua ni parvo, maradhi ya virusi yaliyozuka duniani katika miaka ya mwisho ya 1970 na ambayo hadi leo huua watoto wa mbwa wasiochanjwa kwa wingi mno. Tena akamwonya kwamba vijidudu vya parvo hukaa ardhini miezi mingi, hivyo asidiriki kuleta mtoto mwingine mpaka pasafishwe kwa dawa ya klorini, na huyo atakayekuja awe amekamilisha chanjo zake.

Hasara ya fedha ilikuwa ndogo. Kubwa lilikuwa kwamba kiumbe cha Mungu kilikufa kifo kibaya mikononi mwa watoto wadogo, na kwamba dada yangu, mamake kijana, alipopata habari Mombasa alipiga simu akasema: "Ishara hiyo, mwanangu. Nyumba yenye mbwa mimi sikanyagi."

SHERIA YASEMAJE

Kwa kuwa maneno kama haya ya dada yangu yatasemwa katika nyumba nyingi, yafaa tuanze na sheria kabla ya kuanza na mbwa.

Wengi wetu pwani tu wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa Imamu Shafi mbwa ni najisi mzima, mate yake na jasho lake. Akitia mdomo chomboni, chombo huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Lakini najisi si sawa na haramu kufugwa. Hadithi ile ile itajayo kupungua kwa thawabu za mwenye kufuga mbwa humtoa katika lawama mwenye mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa mashamba. Wanazuoni wa Kishafi wakapima kwa hayo wakaruhusu na mbwa wa kulinda nyumba. Hata wakauliza: je, mtoto wa mbwa ambaye hajaweza kazi bado, yafaa kumlea ili aje kuifanya? Kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kuwa yafaa. Kwa hiyo mpwa wangu, mwenye mbuzi na kuku, hakutoka nje ya mlango wa sheria hata hatua moja.

Na tusisahau kwamba Qurani yenyewe, katika Suratul Kahf, imewataja vijana wa pangoni pamoja na mbwa wao aliyenyosha miguu kizingitini; na katika Suratul Maida imehalalisha kinachokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. Kuna na hadithi mashuhuri ya mtu aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi. Ibn al-Marzuban, mwanachuoni wa Baghdad aliyekufa mwaka 921, aliandika kitabu kizima kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi katika wavaao nguo. Mabedui wa Arabuni nao hawamhesabu saluki wao wa mbio pamoja na mbwa wengine, na desturi yao ya zamani ni kumpeana kwa hiba, si kwa bei. Na hapa kwetu Unguja na Pemba, vijiji vya Kiislamu vimekuwa na wasasi wao na mbwa wao, wawindao nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni bei. Imepokewa katazo la kula thamani ya mbwa, na kwa Mashafi kumuuza hakusihi, hata akiwa wa kazi. Mahanafi wao wameruhusu mbwa mwenye manufaa auzwe. Mafakihi wetu wa Kishafi wametaja njia ya kutoka: mwenye haja hutoa fedha ili aliye naye mbwa aondoe mkono wake, amwachie, bila ya kuitwa mauzo. Jambo hili ni la kumuuliza sheikh wako kabla hujatoa shilingi, kwani fedha zenyewe si kidogo: mtoto wa mbwa mwenye cheti hugharimu maelfu mengi.

NASABA SI AFYA

Haya, umeruhusiwa. Sasa utakwenda kwa nani, na utatazama nini?

Wauzaji hupenda kusema "huyu ni safi." Sisi watu wa pwani neno nasaba hutuingia haraka, kwetu mtu huulizwa mwana wa nani kabla hajaulizwa jina. Katika Kenya iko jumuiya iitwayo East Africa Kennel Club, ambayo huandikisha mbwa wa nasaba na kutoa vyeti vyenye majina ya wazazi na mababu. Cheti hicho kina faida: chakuonyesha mbwa katoka wapi, na chamzuia mwongo kukuuzia chotara kwa jina la mwingine. Lakini hakisemi kwamba mbwa ni mzima. Shajara ndefu haizuii nyonga mbovu.

Chukua huyo mbwa wa Kijerumani. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi, alianzisha chama cha mbwa hawa, na shabaha yake ilikuwa kazi: kuchunga, kutii, kuvumilia. Baadaye wakaja watu waliopenda umbo kuliko kazi, wakazalisha mbwa wenye mgongo ulioteremka, na nyonga zisizokaa vyema katika vikombe vyake zikawa msiba wa jamii hiyo. Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilionyesha filamu juu ya mbwa wa nasaba wa Uingereza na maradhi waliyorithishwa kwa kuzalishwa ndugu kwa ndugu, na ghadhabu iliyozuka ilikuwa kubwa.

Kisa kingine kinatugusa sisi wasema Kiswahili kwa karibu zaidi. Yuko mbwa aitwaye Basenji, wa misitu ya Kongo, ambaye habweki kama wenziwe bali hutoa sauti kama ya kuimba. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi": mbwa wa shenzini. Waingereza walipeleka wawili maonyeshoni London mwaka 1895. Wote wakafa kwa distempa, maradhi ambayo siku hizi yana chanjo. Katika miaka ya 1930 wakapelekwa wengine, wakaishi, wakazaa, na kutokana na hao wachache ikatoka jamii nzima ya Basenji wa Ulaya na Marekani, wenye vyeti na vikombe vya mashindano. Lakini kisima kilikuwa kidogo. Ukaenea kwao ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi, ambao humfanya mbwa apoteze sukari na chumvi za mwili katika mkojo hadi anyauke. Wamarekani wafanyeje? Mwaka 1987 na 1988 walifunga safari hadi kaskazini-mashariki ya Zaire, katika nchi ya Wazande, wakachukua mbwa wa vijijini wasio na karatasi yoyote, na mwaka 1990 daftari la nasaba likafunguliwa ili mbwa hao wa kutoka Afrika waandikwe. Maana yake ni kwamba wale walioitwa washenzi ndio walioletwa kuwatibu waungwana.

Sisemi haya ili kukudharaulisha mbwa wa nasaba. Mwenye kutaka mbwa ambaye tabia yake na ukubwa wake vyajulikana kabla, huyo nasaba itamfaa. Nasema tu kwamba asiye na fedha za cheti asione haya kumchukua mbwa wa kienyeji aliyezaliwa na mama mzima. Mwezi wa Mei mwaka 2005, katika msitu wa Ngong nje ya Nairobi, mbwa koko aliokota mtoto mchanga wa binadamu aliyetupwa katika mfuko, akambeba akavuka naye barabara hadi kwa watoto wake mwenyewe. Mtoto aliokolewa, na mbwa yule akapewa jina la Mkombozi. Hakuna aliyeuliza cheti chake.

NYUMBANI KWA MFUGAJI

Mara ya pili nilifuatana na mpwa wangu. Tulielekezwa na daktari wa mifugo kwa mama mmoja wa makamo, mstaafu, ambaye kwa miaka mingi amezalisha mbwa wa Kijerumani. Nilimwendea nikiwa na shaka zangu, niliondoka nikimheshimu.

Kwanza yeye ndiye aliyetuuliza sisi. "Mbwa mnataka wa kazi gani? Ua uko? Nani atakaa naye mchana? Watoto wana miaka mingapi?" Mpwa wangu alipokiri kwamba ua wa shamba haujakamilika, mama yule alisema kwa upole, "Basi mzee, rudini ua ukiisha. Mimi siwezi toa mtoto aende kufungwa mnyororo." Tukarudi mikono mitupu. Muuzaji anayekataa fedha zako kwa ajili ya mbwa wake, huyo mshike. Yule wa barabarani hakuuliza hata jina.

Tuliporejea baada ya wiki tatu alituonyesha mama wa watoto. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Mtoto wa wiki nane hajawa kitu bado. Kitabu chake ni mama yake. Tazama kama ana nguvu, kama manyoya yang'aa, kama akubali mgeni baada ya mwenyewe kumtuliza, au atetemeka, au ang'ata bila sababu. Uliza ana umri gani na amezaa mara ngapi. Jike mwenye kuzalishwa kila apatapo joto ni mtambo wa fedha, na watoto wake hutoka dhaifu. Uliza kama nyonga za wazazi wote wawili zimepigwa picha ya eksirei. Ukiambiwa mama "yuko kwa ndugu yangu" au "amesafiri," aga uende zako. Hiyo ndiyo mbuzi katika gunia.

Kisha tazama mahali. Kibanda kiwe kikavu, chenye hewa, kisichonuka. Mkojo na mavi havikosekani, ila visiwe vya jana na juzi.

Ndipo umtazame mtoto mwenyewe. Macho yawe maangavu yasiyo na tongo, pua isitiririke, masikio yasinuke. Mfunue mdomo: ufizi uwe wa waridi, kwani mweupe ni dalili ya minyoo au ya maradhi ya kupe, na kupe katika sehemu za Thika si haba. Tumbo likiwa kama ngoma na mbavu zaonekana, hiyo ni minyoo. Papasa kitovu kama kina uvimbe. Tazama chini ya mkia pawe safi. Dume awe na korodani zote mbili. Mwache atembee, umtazame kwa nyuma. Piga makofi ujue kama asikia. Na usimchague kwa huruma yule ajifichaye pembeni, wala kwa tamaa yule awapandaye wenziwe wote na kuwauma. Mlinzi mzuri aghalabu hutoka kati ya hao wawili, mdadisi, aangukaye akainuka.

Hapo lilitokea la kuchekesha. Nilikuwa nimevaa kanzu, na watoto wale saba waliponiona walikimbilia chini ya benchi. Mama yule akaniambia, "Hawajawahi kuona nguo kama hiyo, mzee. Tafadhali kaa kidogo." Nikakaa, na haikupita robo saa wakatoka mmoja mmoja kuja kunusa pindo. Kumbe hili ni jambo lenye elimu ndani yake. Tangu wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na nne ya maisha yake, mbwa huandika moyoni vitu vilivyo vya kawaida duniani. Asiyeona kanzu wala buibui katika muda huo huenda akaja kumbwekea kila shangazi na kila maalimu aingiaye. Asiyeona kuku akiwa mdogo huenda akawala akiwa mkubwa. Basi mwenye kumleta mbwa katika nyumba ya Waislamu na amzoeshe mavazi yetu, wazee wetu na kuku wetu mapema.

Mwisho wa yote ni karatasi: daftari la chanjo lenye vibandiko vya dawa, tarehe, na sahihi ya daktari. Minyoo hutibiwa tangu wiki ya pili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane. Chanjo za parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka mtoto atimize wiki kumi na sita. Mpwa wangu, kwa sababu ya ule udongo wenye parvo, alikubaliana na mama yule akae na mtoto mpaka sindano zote ziishe, naye akilipia chakula na kwenda kila Jumapili kumzoesha. Mkataba wao uliandikwa: mtoto akionekana na ugonjwa wa kuzaliwa nao atarudishwa, na siku mwenyewe atakaposhindwa kumtunza asimtupe, amrejeshe pale pale.

BAADA YA KUMPATA

Kibanda kilijengwa karibu na lango, mbali na nyumba, kwani twajua yaliyopokewa juu ya malaika na nyumba yenye mbwa. Sahani yake ni yake peke yake, na ya chuma ili isichanganywe na za jikoni. Mwenye kumlisha ana nguo zake za kazi za kuvua kabla ya sala. Na watu wajue kwamba mbwa mkavu akigusa nguo kavu hapana najisi iliyohamia. Wengi hujitesa bure. Chakula chake si lazima nyama ya haramu: ugali, dagaa, na matumbo ya mbuzi yaliyochemshwa sana. Nasisitiza yachemshwe, kwani mbwa alaye matumbo mabichi hupata tegu mdogo ambaye mayai yake humletea binadamu uvimbe wa maji katika ini na mapafu.

Dada yangu alikuja Idi iliyofuata. Siku ya kwanza alipita langoni ameukusanya mtandio wake. Siku ya tatu nilimsikia akiuliza dirishani, "Huyo askari wenu amepewa maji?"

Lililobaki ni kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishaonekana, na hukadiriwa kuua watu wapatao 2,000 Kenya kila mwaka, wengi wao watoto. Serikali mwaka 2014 ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na yeyote aumwaye na mbwa, awe wa nasaba au koko, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Sheria imeturuhusu mbwa kwa sharti ya haja. Mwenye haja naye ana deni: mbwa ashibe, apate kivuli, achanjwe, asiwe balaa kwa jirani. Asiyeweza kulipa deni hilo na atie komeo la pili mlangoni, amwachie mbwa mwenye kumweza. Wallahu aalam.